Wiki ya Tatu

Nitaanzia Bari, mji wa bandari kusini mwa Italia, ingawa ninakotaka kufika ni Kangemi.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia meli za Washirika zilizokuwa zimejaa bandarini Bari. Meli moja ya Marekani, John Harvey, ilikuwa na shehena ya siri ya mabomu ya gesi ya haradali. Ikalipuka. Mabaharia walioruka baharini waliogelea ndani ya mafuta yaliyochanganyika na sumu hiyo, na madaktari waliowapokea hawakuambiwa wanatibu nini, kwa sababu waliojua walikuwa wamekufa au wamenyamazishwa. Stewart Alexander, daktari wa jeshi la Marekani aliyetumwa kuchunguza, aliona kitu kwenye damu ya majeruhi. Seli nyeupe, zile zinazopigania mwili dhidi ya maradhi, zilikuwa zimeporomoka.

Ukizunguka intanetini utaambiwa kemo ilizaliwa usiku ule. Hadithi tamu, lakini si kweli kabisa. Kufikia 1919 Edward na Helen Krumbhaar walikuwa tayari wameandika kwamba waliopigwa na gesi ya haradali katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipungukiwa na seli nyeupe. Na 1942, mwaka mmoja kabla ya Bari, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wamejaribu dawa ya ukoo wa gesi hiyo kwa mgonjwa wa saratani ya tezi. Uvimbe uliyeyuka mbele ya macho yao, kisha ukarudi. Ilikuwa siri ya vita, kwa hivyo dunia haikusoma habari hiyo hadi 1946. Bari iliongeza ushahidi, na maiti.

Nimeanza na seli nyeupe kwa sababu ndizo zinazotawala nyumba yetu.

Mama alipatikana na saratani ya titi mwaka jana. Baada ya upasuaji aliandikiwa dozi nne za dawa mbili zinazotolewa pamoja, ambazo manesi huziita AC, moja kila baada ya siku 21. Siku 21 ni wiki tatu, na wiki hizo tatu hazifanani hata kidogo. Wiki ya kwanza hakuna kukaanga kitunguu nyumbani. Mama, ambaye ameuza mboga soko la Kangemi tangu nikiwa darasa la pili, hawezi hata kuvumilia harufu ya sukumawiki ikichemka. Anakula wali mkavu na ndizi, analala, anaamka, anauliza kama dadangu amefungua kibanda. Wiki ya pili anaweza kula, lakini seli nyeupe zimeshuka chini kabisa, kwa hivyo hakuna matatu, hakuna kanisa, na jirani mwenye kikohozi anasalimiwa kupitia dirishani. Wiki ya tatu Mama anarudi. Anafunga kitambaa kichwani vizuri, anaenda sokoni, anagombana na madalali. Anataka chapati. Anataka kujua ni nani aliyewauzia watu managu yaliyonyauka akitumia jina lake.

Basi sherehe zote za familia zikahamia wiki ya tatu. Mpwa wangu alitimiza miaka sita siku ya nne baada ya dozi ya kwanza, na keki yake aliikata siku ya 17. Alikubali. Aliambiwa Bibi anamtengenezea siku ya kuzaliwa ya pili, akaanza kudai ya tatu. Ubatizo wa mtoto wa binamu ulisogezwa Jumapili mbili mbele, na padre hakuuliza maswali mengi. Tulianza kuzungumza lugha ambayo mgeni haielewi: “Hiyo harusi iko wiki gani?” “Ya pili.” “Ah, basi tuma mchango tu.”

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma historia, na karo iliisha kabla ya historia. Nilichobaki nacho ni tabia ya kuuliza kila kitu kilianza lini na nani aliamua. Nesi mmoja nilimuuliza kwa nini 21, akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye dripu, “Uboho nao unahitaji kupumua.” Jibu zuri. Ila nilitaka kujua nani aliyepima pumzi hiyo.

Walioanza hawakuwa na mpango wa wiki tatu wala wa wiki ngapi. Mwisho wa Desemba 1947, huko Boston, Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa mpya iliyoitwa aminopterin. Wakati huo mtoto mwenye ugonjwa huo alipewa damu, akapewa pole, akafa. Juni 1948 Farber alichapisha matokeo yake: kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu. Nafuu ya muda. Ugonjwa ulirudi, na madaktari wenzake hawakukosa wa kuuliza faida ya kumwongezea mtoto miezi michache iko wapi.

Mimi swali hilo huniudhi. Linaulizwa na mtu ambaye miezi yake hajawahi kuihesabu. Ndani ya miezi michache kuna Pasaka, kuna siku ya kuzaliwa, kuna Jumamosi ambayo mtoto anaomba chakula badala ya kukikataa. Makala za kitabibu hupima nafuu kwa damu na kwa ukubwa wa wengu. Ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini ukiwa upande wa familia, kipimo ni kama alikaa mezani.

Halafu historia hii inafika kwetu, jambo ambalo sikulijua hata nikiwa chuoni. Dawa ya pili katika ile AC, hiyo C, inaitwa cyclophosphamide. Iliundwa na kampuni ya Asta-Werke ya Ujerumani katika miaka ya 1950, na ni mjukuu wa moja kwa moja wa sumu ya haradali, ila mjukuu aliyelelewa vizuri zaidi. Miaka ya 1960 ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza 1958 aina ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaendesha wiki 10, takriban maili 10,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona ugonjwa huo. Nairobi, Peter Clifford aliwatibu watoto kama hao katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta.

Upasuaji haukuwafaa watoto wale, na mashine ya mionzi haikuwepo. Kwa hivyo Burkitt alitumia dawa alizoweza kupata. Matokeo yalimshangaza yeye na dunia. Mwaka 1967 aliandika kuhusu watoto waliopata nafuu ya muda mrefu baada ya dozi moja au mbili tu. Moja au mbili! Mwaka huohuo kituo cha kutibu saratani hizo kilifunguliwa Mulago, ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler. Idi Amin alipochukua nchi na wageni wakaanza kuondoka, Mganda Charles Olweny aliishika taasisi hiyo ikaendelea kufanya kazi.

Nawaza sana kuhusu mama za watoto hao. Mama anatoka mbali na mtoto ambaye taya limevimba hadi jicho limefungika, mtoto anadungwa sindano, siku chache baadaye uso wake unarudi. Ungekuwa wewe ungesubiri dozi ya pili? Nyumbani kuna shamba na watoto wengine. Ungefunga mzigo, ungerudi kijijini, na kijiji kingechinja kuku. Madaktari walihangaika kuwafuatilia watoto baada ya hapo. Kwa daktari, aliyerudi nyumbani amepotea. Kwa kijiji, amepatikana.

Lakini uvimbe ule ni wa ajabu, unakua haraka na unakufa haraka. Saratani nyingi haziondoki kwa dozi moja, na aliyeeleza sababu vizuri ni Howard Skipper wa Birmingham, Alabama, kwa kutumia panya. Mwaka 1964 yeye na wenzake walionyesha kwamba dozi ya dawa huua sehemu ileile ya seli kila mara, haijali ziko ngapi. Mtu wa mtaani ataelewa kwa mfano wa kunguni. Chumba kina kunguni 1,000. Unapuliza dawa inayoua tisa kati ya kila kumi. Wamebaki 100, na usiku huo unalala vizuri, unadhani umeshinda. Ukipuliza tena wanabaki 10. Tena, mmoja. Ukiishia raundi ya kwanza kwa sababu umelala vizuri, baada ya mwezi wamejaa tena. Ukipuliza kila siku bila kupumzika, utakayetolewa chumbani ni wewe.

Hapo ndipo wiki zetu tatu zinapotoka. Dawa za AC haziwezi kutofautisha sana seli ya saratani na seli nyingine inayogawanyika haraka, kwa hivyo zinapiga nywele, zinapiga utumbo, zinapiga uboho unaotengeneza damu. Seli nyeupe hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na 14. Kufikia siku ya 21, kwa wagonjwa wengi, zimepanda vya kutosha kupigwa tena. Kwa hiyo wiki ya tatu, wiki yetu ya keki na ubatizo, ni muda ambao uboho umejijenga upya kabla ya kurudi vitani. Kile Alexander alichokiona kwenye damu ya mabaharia wa Bari ndicho maabara inachohesabu kila Mama anapotolewa damu kabla ya dozi.

Hiyo A nayo ina habari yake. Ni dawa nyekundu kama vimto, na inatokana na kiumbe kidogo cha udongoni kilichopatikana karibu na ngome ya Castel del Monte. Wanasayansi wa Kiitaliano walioigundua waliiita Adriamycin, kwa jina la bahari ya Adria. Castel del Monte iko Puglia, mkoa uleule wa Bari. Siku ya dozi ya kwanza hakuna aliyetuonya kuhusu choo. Saa tatu usiku Mama aliniita kwa sauti ya chini, “Njoo uone.” Mkojo ulikuwa mwekundu. Tulikaa macho tukidhani ni damu hadi nilipopata mtu kwenye simu akatuambia ni rangi ya dawa tu. Mama alicheka hadi akatapika, au labda alikuwa anatapika tu na mimi nikaona kicheko.

Sasa, sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote ina tarakimu mbili. Gianni Bonadonna wa Milan alichapisha 1976 matokeo ya wanawake 386 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Waliopewa dawa tatu kwa pamoja, mchanganyiko unaoitwa CMF, saratani iliwarudia kwa uchache zaidi. Ilikuwa habari kubwa. Ila CMF ya mwanzo ilikuwa mizunguko 12, karibu mwaka mzima. Baadaye ikaonekana nusu yake inatosha. Kisha 1990 Bernard Fisher na wenzake wa Marekani wakalinganisha miezi sita ya CMF na mizunguko minne ya AC kwa zaidi ya wanawake 2,000. Kwa kuzuia saratani zilitoshana. Kwa hiyo walifanya jambo ambalo, kwangu mimi, lilikuwa la adabu sana: walihesabu siku. Mwanamke wa CMF alitumia dawa siku 84. Wa AC, siku nne. Wa CMF alihitaji dawa za kichefuchefu kama siku 84, wa AC kama siku 12.

Themanini na nne, nne. Mtu alikaa chini akafikiria kwamba siku ya mwanamke ina thamani, hata kama hawezi kuiweka kwenye darubini. Tofauti hiyo ni siku 80. Zigawe upendavyo, kuna harusi humo.

Siku nne hizo ni za nchi ambako dawa iko kabatini ukifika. Niliweka daftari. Kwa dozi nne za Mama tulienda hospitali mara 17. Kuna siku ya kutoa damu na siku ya kurudi kuchukua majibu. Kuna siku ya kungoja bima iidhinishe, ambayo huzaa siku nyingine kwa sababu mtandao umelala. Mara mbili dawa moja haikuwepo, tukaelekezwa duka la nje, tukalipa, tukarudi kesho yake kwa sababu foleni ilikuwa imefungwa. Hospitali siitaji, manesi wake wanafanya kazi ya watu watatu kila mmoja. Lakini 17. Na sisi tunaishi Nairobi. Kwa miaka mingi Kenyatta ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za mionzi, na watu walitoka Turkana na Lamu kuja kulala kwa jamaa wiki kadhaa. Muulize mtu wa namna hiyo Krismasi yake ilikuwa wapi.

Ndipo ikaja siku ya mahari ya dadangu.

Tulipiga hesabu vizuri. Wageni wangekuja Jumamosi ambayo ingekuwa siku ya 18 baada ya dozi ya tatu, wiki ya tatu kamili. Sherehe ingefanyika ushago, Kakamega, kwa sababu ng'ombe hawapandi ngazi za ploti ya Kangemi. Baba mkubwa, anayesimama mahali pa marehemu Baba, alikubaliana na wazee wa upande wa pili. Hema likakodishwa. Kisha damu ya Mama ikatolewa, na seli nyeupe hazikuwa zimepanda. Siku 21 ni wastani wa watu wengi, na uboho wa Mama haujawahi kusoma makala yoyote. Dozi ikasogezwa wiki moja. Ile siku ya 18 ikageuka siku ya 11.

Baba mkubwa alipiga simu jioni hiyo. “Shemeji, hiyo dawa si ingoje kidogo? Ukae na wageni wako, halafu Jumatatu urudi hospitali.” Mama alinyamaza, nikajua anataka kukubali. Alikuwa na miaka 29 ya kuingoja siku hiyo. Dadangu aliinyakua simu akasema, kwa heshima yote, kwamba mahari bila mama inaweza kurudiwa, lakini dozi ikicheleweshwa tena na tena hakuna wa kuirudisha. Baba mkubwa hajazoea kuambiwa hivyo na msichana anayekaribia kuolewa. Kukawa na kimya cha gharama kubwa, maana ilikuwa kredo yetu.

Tarehe haikusogezwa, wazee wa Kitale walikuwa wamekwisha nunua ng'ombe. Dozi nayo haikusogezwa tena. Daktari hakufurahia safari hiyo, ila hakumkataza. Alisema joto la mwili likifika 38 tusingoje asubuhi, tuende hospitali iliyo karibu na tuseme neno kemo mlangoni kabla ya kusema jina. Mjomba alileta Probox yake, tukasafiri madirisha wazi, Mama kiti cha mbele na barakoa, kipimajoto mkobani pamoja na mswaki.

Siku yenyewe alikaa chumbani kwa bibi, dirisha likitazama hema. Tuliliondoa pazia. Aliona kila kitu: wazee wakikataa kuketi hadi waombwe, ng'ombe mmoja akikataliwa kwa kuwa mwembamba, dadangu akitolewa nje na shangazi zake wakiimba. Mzee wa upande wa bwana harusi alikuja dirishani akanyoosha mkono. Mama aliweka wake kifuani, akainamisha kichwa. Kwetu kukataa mkono wa mkwe ni neno zito. Mzee alisimama pale muda mfupi, kisha naye akaweka wake kifuani. Korona ilitufundisha mengine. Leso zake za mama wa msichana zilipitishwa dirishani, nne, na alivaa moja papo hapo juu ya sweta. Alikula ugali na kuku aliyeiva mara mbili kwa sababu nilimrudisha jikoni. Saa kumi alilala, nje wakiwa bado wanacheza.

Tulimpima joto kila saa mbili usiku kucha. 36.8. 37.1. 36.9. Tarakimu hizo bado ziko kwenye daftari langu, kati ya nauli na bei ya hema.

Dozi ya nne alishamaliza. Sasa daktari amemhamishia paclitaxel, dawa iliyotolewa kwanza kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani, ikaidhinishwa huko mwisho wa 1992. Atadungwa kila wiki kwa wiki 12, dozi ndogondogo ambazo mwili hustahimili vizuri zaidi. Nywele zimeanza kuchungulia kidogo, ingawa tumeambiwa tusizizoee. Tatizo, kwa Mama, ni kwamba mpango wa kila wiki hauna wiki ya tatu. Kila wiki inafanana na nyingine: Jumatano dripu, Ijumaa miguu kufa ganzi, Jumapili yuko sawa. Alimwomba daktari amwandikie tarehe zote 12 kwenye karatasi, akazipitia kwa kidole palepale kliniki, watu wakingoja nyuma yetu. Ya tisa iko mkesha wa Krismasi. Alimuuliza kama inaweza kuwa asubuhi na mapema. Kisha akampigia mjomba, akamwambia mwaka huu hatuji ushago, awatume kuku wawili kwa basi la usiku, wakiwa hai.